Mkono Mzima Unaharibu Matokeo

Jumatatu, 3 Machi

Plasta imekatwa leo. Wiki sita! Mkono uliotoka humo si wangu: mwembamba, umepauka, unanuka soksi. Kompyuta ya hospitali ndiyo iliyonipangia plasta. Shemeji, kaka wa mke wangu, ikampangia upasuaji: kipande cha chuma na skrubu sita kwenye kifundo cha mkono. Wanatafiti tiba ipi inaponya vizuri zaidi. Tulivunjika siku moja, kwenye sakafu moja, tukibeba trei moja ya mikate ambayo kila mmoja alikataa kuiachia.

Baba mkwe, mwenye tanuri la mikate tunalofanyia kazi sote wawili, anastaafu mwisho wa mwezi. Kasema hataki maneno: atakayepata matokeo bora hospitalini ndiye atakayelishika tanuri. Kipimo cha mwisho ni Ijumaa ya wiki ijayo. Unabana mpini wa chuma, mshale unasoma kilo. Leo wamepima mkono uliovunjika tu. Shemeji kumi na moja. Mimi saba. Akanipa pole. Unafiki mtupu!

Jumatano, 5 Machi

Mkakati wa kwanza: mazoezi mara tatu ya yale aliyoagiza muuguzi. Nimekamua nguo zote za nyumba, hata zilizokwisha kauka. Kufikia jioni kifundo kimevimba. Mke wangu akauliza nashindana na nani. Nikamjibu kwamba nashiriki sayansi. Akanifunga kitambaa cha maji baridi, akasema kaka yake wala hana habari na mashindano. Ndivyo wasemavyo wote walio mbele.

Niandike ukweli, maana hapa hasomi mtu: naogopa. Miaka kumi na minne nakanda unga. Sina kazi nyingine ninayoijua.

Jumamosi, 8 Machi

Mkakati wa pili. Nimemtembelea Shemeji na kumweleza, kwa sura ya huruma, kwamba nasikia skrubu hulegea mtu akiutumia mkono sana. Nikamshauri asishike hata kijiko. Alinishukuru hadi mlangoni. Nimerudi kifua mbele.

Jumanne, 11 Machi

Muuguzi kamsifu Shemeji mbele ya foleni nzima. Kumbe alikuwa anazidisha mazoezi, na siku hizi tatu za kupumzika zimeondoa uvimbe wote. Shemeji akatangaza kwamba ni ushauri wangu. Watu wakanipigia makofi! Nusura nilie.

Ila muuguzi alipoinuka kufuata faili, nilichungulia fomu yake. Kilo si hoja! Wanachohesabu ni mkono uliovunjika umefikia asilimia ngapi ya mkono mzima wa mtu huyohuyo. Wiki zote hizi nimekuwa nikimchukia Shemeji bure. Adui yangu ni mkono wangu mzima, wa kushoto.

Alhamisi, 13 Machi

Naufundisha mkono wa kushoto unyonge. Ni mbishi. Umezoea kushika vitu bila kuniuliza. Vikombe viwili vimevunjika kabla haujaelewa. Mke wangu ameficha sahani.

Ijumaa, 14 Machi

Shemeji: asilimia sabini na tatu. Zamu yangu. Mkono uliovunjika, nikibana hadi machozi: kilo kumi. Mkono mzima, nikiushika mpini kwa adabu: kilo kumi. Asilimia mia! Muuguzi akanipimisha tena. Kumi. Mara ya tatu, kumi. Akaenda kumwita daktari. Nilidhani anakuja kunipongeza.

Daktari alinigonga magoti kwa kinyundo, akanichoma vidole kwa sindano, akauliza kama nimewahi kuanguka bila sababu. Baba mkwe alikuwa amekaa pale pale. Ningesema nini? Nikaanguka kidogo.

Saa nane barua ya daktari ikasomwa kazini mbele ya wafanyakazi wote. Mikono yote miwili ni dhaifu. Haruhusiwi kukanda unga wala kubeba trei hadi achunguzwe. Baba mkwe akanikumbatia, akamkabidhi Shemeji funguo. Shemeji hakucheka. Alinitafutia kiti chenye mto, akaniweka kaunta kuwauliza wateja wanataka mikate mingapi. Nilitamani acheke.

Jumapili, 16 Machi

Mke wangu akaniomba nimfungulie chupa ya asali iliyokataa kufunguka. Nikaifungua kwa mkono wa kushoto, mara moja. Tukatazamana. Hakupiga kelele. Alisema baba yake ni mzee lakini si mkatili, kwamba kesho niende kwa daktari nikaseme ukweli, na kwamba yeye hakuolewa na asilimia. Niliona aibu kweli. Nimeahidi.

Jumatatu, 17 Machi

Nimekwenda kusema ukweli. Nilikuwa nimefungua mdomo. Muuguzi akaniwahi: kuna utafiti mpya wa watu wenye udhaifu wa mikono yote miwili, kundi moja dawa, kundi jingine mazoezi, na wamekosa watu. Nikauliza, kwa kutaka kujua tu, matokeo yanahesabiwaje. Akasema wanaangalia mtu ameongeza kilo ngapi kutoka pale alipoanzia.

Nimeanzia kumi. Mkono huu wa kushoto una arubaini!

Utafiti ni wa miezi sita, na muda wote huo hairuhusiwi kugusa unga. Si neno. Nimeweka sahihi. Hakuna wa kunikaribia.