Wagonjwa wa Nyonga Ambao Bado Hawajafika

Ijumaa asubuhi, mbele ya wakuu wa idara zote na keki mbili, Mkurugenzi wa hospitali kuu alitangaza kwamba tatizo la waliovunjika nyonga kusubiri upasuaji limezikwa rasmi. Kila mgonjwa sasa alipasuliwa ndani ya saa thelathini na sita tangu kufika. Jumatatu wizara ingekuja kumkabidhi tuzo.

Mafanikio hayo yalikuwa jasho lake mwenyewe. Zamani saa zilihesabiwa tangu mgonjwa aliposhushwa mlangoni, jambo la kienyeji kabisa. Kwa waraka wake, mgonjwa alihesabiwa amefika pale tu kitanda cha wodini kilipopatikana na daktari wa usingizi akaonekana kwa macho. Kabla ya hapo alilazwa kwenye korido ya mapokezi, na kitakwimu alikuwa bado yuko njiani.

Alikuwa anakata keki ya pili dada yake alipopiga simu.

"Kaka, mama aliteleza bafuni juzi. Nyonga imevunjika. Nakupigia tangu Jumatano hupokei."

"Nilikuwa na vikao vya tuzo. Yuko wapi?"

"Hapa hapa kwako."

Mkurugenzi akachungulia mfumo kwenye simu yake. "Hayupo, dada. Angekuwa amefika, angeshapasuliwa."

"Nimemshika mkono. Shuka chini."

Akashuka. Koridoni kulikuwa na machela kumi na moja, na mama yake alikuwa kwenye ya nne, midomo imemkauka. Siku tatu hizo, kila asubuhi alinyimwa chai kwa ajili ya upasuaji, na kila jioni aliambiwa labda kesho.

"Mpokeeni sasa hivi," akamwambia muuguzi wa zamu.

"Nikimpokea, bosi, saa inaanza kukimbia. Daktari wa usingizi yuko kwenye semina yako ya kuharakisha upasuaji mpaka Jumatatu."

"Mpigie."

"Simu zimezimwa. Uliagiza semina isisumbuliwe na wagonjwa."

Mama akamvuta mkono wa koti. "Usiwagombeze, mwanangu. Wamenieleza vizuri tu kwamba bado sijafika. Nenda kapokee tuzo yako. Nikifika nitakupongeza."

Mkurugenzi akamtuma dereva wake akamtoe daktari kwenye semina, hata kwa kumburuta. Kisha akavuta daftari la mapokezi, na penye muda wa kufika akaandika kwa mkono wake: Jumatano, saa mbili asubuhi. Tuzo ikawa imekwenda na maji.

Kwenye machela ya tano, mzee mmoja akajiinua kwa kiwiko, akakohoa kwa adabu.

"Kwa kuwa kalamu unayo, mkubwa, na mimi niandike Jumatatu," akasema. "Ile ya wiki iliyopita."