Kitako cha Kopo

Jumatatu, 3 Machi

Unga umepanda tena. Mara ya tatu tangu mwaka uanze. Nimeamka na hasira, nimekunywa chai kavu kwa hasira, nimefungua karakana kwa hasira. Hakuna mteja. Nani atanunua karai wakati hana cha kutia ndani yake?

Mchana akaja mwenye duka la kona. Mtaani tunamwita Haba-na-Haba, kwa kuwa ndiyo methali pekee anayoijua. Amebeba kopo lake la kupimia unga, nililomtengenezea mimi mwenyewe miaka sita iliyopita. Akafunga mlango. Akasema bei ikipanda watu wanapiga kelele, lakini kitako cha kopo kikipanda hakuna anayesikia. Anataka kopo jipya, kimo kilekile, mdomo uleule, ila kitako nikilehemu juu kidogo kwa ndani. Kidole kimoja tu.

Nikakataa katakata. Mimi ni fundi bati, si mwizi. Akayatazama mabati yangu yaliyojaa vumbi. Nikakataa tena, kwa sauti ya chini. Mwisho nikatoa sharti: kopo la zamani libaki chini ya meza yake, na watu wa nyumbani kwangu wapimiwe kwa hilo tu. Akakubali. Nikaligonga alama ya msumari ukingoni, lisije likachanganywa.

Mke wangu sikumwambia. Mambo ya ufundi yatamchosha bure.

Alhamisi, 13 Machi

Kazi imerudi! Wenye maduka wengine watatu wamenusa habari, wakaleta makopo yao. Nimeinua vitako vyote. Mtaa mzima sasa unapimiwa kwa mkono wangu. Nimeandika kibao kipya mlangoni: FUNDI BATI, VIPIMO VYA UHAKIKA.

Ila nyumbani uji umekuwa mwepesi. Mama mkwe, anayeishi nasi, anayekula nasi na kunikosoa bila likizo, alisema ameliona paa la nyumba ndani ya bakuli lake. Nikamwambia mke wangu apunguze maji. Akasema anapika kopo moja kwa siku, kama siku zote. Nikasema basi tatizo ni mwiko. Akaninyooshea mwiko, akasema jiko lile pale, nimfundishe. Nikakumbuka nina kazi karakana.

Jumatano, 26 Machi

Redioni leo kuna mheshimiwa, sauti ya mtu aliyetoka mezani sasa hivi. Anasema bei zimepanda dunia nzima, tuvumilie. Halafu akatukumbusha wazazi kuwapa watoto mlo kamili: yai, tunda, maziwa, na samaki kidogo. Yai! Niliiuliza redio yai hilo tunalitaga wenyewe au vipi. Mama mkwe akasema redio haisikii. Najua haisikii. Na wanaosikia hawafiki huku kwetu.

Binti yangu ana mwaka na miezi saba. Zamani alikuwa akisikia nyundo yangu anatingisha mabega, anacheza. Siku hizi anakaa tu mkekani ananitazama. Mama mkwe anasema gauni linamvuka mabegani. Nikamjibu kuwa nguo ikifuliwa sana hutanuka.

Jumanne, 8 Aprili

Mke wangu alikuwa na nguo za watu za kufua, kwa hiyo kliniki nikaenda mimi. Muuguzi akamzungushia binti yangu mkononi ule utepe wa rangi. Kijani ni salama. Nyekundu ni kulazwa. Wangu ameangukia njano, kwenye ukingo kabisa wa nyekundu.

Akauliza nyumbani tunapika kiasi gani. Nikamwambia kopo moja la unga kwa siku, wakubwa watatu na mtoto. Akaandika, akafuta, akaandika tena. Akasema haielewi. Tungekuwa na shida, ndiyo, lakini kwa kopo zima mtoto asingefika hapa. Akauliza kama nina hakika ni kopo zima. Masikio yakaniwaka moto. Nikasema maisha yamepanda, dada. Akanipa pole.

Nikatazama benchi. Ni watoto wa mtaa wetu tupu. Mikono kama mpini wa nyundo yangu, na ile yenye njano niliihesabu mpaka nikaacha. Wote kopo moja kwa siku, mama zao wakaapa. Nikashikwa na hasira. Watu wanawezaje kuwafanyia watoto hivi?

Halafu nikafikiri. Sisi tunapimiwa kwa lile la alama. Au siyo?

Jumatano, 9 Aprili

Siyo!

Haba-na-Haba hakushtuka hata kidogo. Alisema angekuwa anainama chini ya meza kila mke wangu akiingia, wateja wangeuliza kuna nini huko. Kopo langu nikalikuta uani kwake. Amelitoboa kitako kwa misumari, analitumia kumwagilia maua. Yamestawi kweli.

Nikamwambia nitamshtaki. Akauliza maelezo yangu polisi nitayaanzia wapi. Nikamwambia basi nahamia duka lingine. Akayataja maduka yote matatu, taratibu, kisha akauliza vitako vyao aliinua nani.

Sijawahi kuona mtu asiye na haya namna ile. Mtu unamwamini, unashirikiana naye, kumbe ni tapeli.

Jumamosi, 12 Aprili

Mama mkwe ameazima kopo la dukani, sijui kwa uongo gani. Akaliweka jikoni, akapima kwa kidole nje, akapima ndani, halafu kwa kikombe cha maji. Akamwita mke wangu aje aone. Kisha akaligeuza, akachunguza mshono. Akasema fundi aliyelehemu hapa ana uvivu wa kumalizia upande wa kushoto, na uvivu huo ameuona mahali, kwenye karai la humu ndani. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, ila huyu amemtanguliza mtoto.

Nikaenda kuangalia kama mvua inakuja.

Niliporudi mke wangu alichukua uji wake wote akamlisha mtoto, kijiko kwa kijiko. Mama mkwe akaongeza wake. Mimi nilikuwa nimeshakunywa wangu, haraka, kwa sababu ya hasira. Nilitaka kusema nisameheni. Nikasema unga wa siku hizi hauna nguvu.

Jumatano, 16 Aprili

Muuguzi alikuja karakana! Kilichomvuta ni kibao: VIPIMO VYA UHAKIKA. Kliniki imeletewa unga wa lishe kwa watoto wa njano, na kila mama anatakiwa apewe kikombe cha bati cha kupimia. Kikombe kimoja, mlo mmoja, kisipungue. Anataka thelathini. Akaniachia kielelezo na karatasi za bati. Akasema binti yangu ni wa kwanza kwenye orodha.

Alipoondoka nililia. Nalia kwa shida, lakini nililia. Nikaapa mbele ya nyundo yangu kwamba sitashika tena kopo la Haba-na-Haba.

Kisha nikalaza kielelezo juu ya bati. Ukikata kila kimoja kifupi kidogo, si kidole, nusu kidole tu, linabaki bati la kutosha karai zima. Karai ni karai. Na tumbo la mtoto lenyewe ni dogo, nusu kidole litaijuaje?

Nimemaliza vyote thelathini kabla ya magharibi. Cha binti yangu nimekikata kamili, sijapunguza hata chembe, na nimekigonga alama ya msumari ukingoni. Nimevitia kwenye gunia moja. Habari ya alama siwezi kumwambia muuguzi, ataniuliza ni ya nini. Amesema atagawa mwenyewe.