Jumatatu Wanafunga Maji

Alhamisi, 6 Juni

Nimeula! Leo nimeula kweli kweli!

Nilikuwa naosha mikono nyuma ya ofisi ya Bwana Samaki, ofisa uvuvi wetu ambaye pia ni msimamizi wa soko. Dirisha wazi, yeye anaongea na simu. Nikasikia kwa masikio yangu: Jumatatu wanafunga maji.

Wanafunga maji! Yaani uvuvi marufuku, mashua zote zivutwe nchi kavu, samaki wazaane. Tangu mwaka jana anatuhubiria kwamba samaki wanazidi kuwa wadogo, na tukiendelea kuwavua kabla hawajataga tutabaki kuuza magamba. Kumbe ameamua! Sasa ona: samaki hakuna, walaji wapo, mwenye samaki ni mimi peke yangu. Sikungoja kusikia mengine. Nimefunga mdomo.

Ijumaa, 7 Juni

Shida ni moja. Sina cha kununulia samaki. Nina meza ya mlangoni tu, ya kwanza kabisa ukiingia sokoni, aliyoniachia marehemu baba. Mama watoto husema ndiyo inayotulisha, si akili zangu.

Jirani yangu wa meza ya pili anaimezea mate miaka yote. Tunamwita Dada Mizani kwa sababu akiuza samaki, kidole gumba chake nacho hupimwa. Nikamwendea kana kwamba sijali. Nimpe meza, anipe samaki wake wote. Nilitegemea abishe. Akakubali kabla sijamaliza kusema! Hata kubeba akanisaidia. Mtu mzima yule, kaingizwa mjini mchana kweupe. Nilimwonea huruma.

Jumapili, 9 Juni

Samaki sebuleni, samaki jikoni, samaki chini ya kitanda! Mama watoto ameuliza meza iko wapi. Nikamjibu kwamba anaongea na mtu ambaye kesho ndiye atakayepanga bei ya soko zima. Amewasogeza samaki kwa mguu apate pa kupita. Mama mkwe kaja kutusalimu, akakalia sanduku la samaki akidhani ni kiti. Ameondoka na gauni lililolowa, chai hakunywa.

Barafu niliyowalazia itaisha kesho. Haidhuru, kiwanda cha barafu kiko pale pale nyuma ya soko.

Jumatatu, 10 Juni

Nimewahi ufukweni nikazitazame mashua zilizozuiwa. Hazipo! Zote ziko majini! Zikarudi zimejaa mpaka zinaelemewa. Nikamkimbilia Bwana Samaki kumshtakia kwamba sheria inavunjwa mbele ya macho yake. Akauliza sheria ipi. Nikamwambia maji si yamefungwa? Akasema ndiyo, tangu alfajiri, akanionyesha kwa kidole.

Bomba! Mafundi wanabadilisha mabomba ya soko. Maji ya bomba!

Bila maji, kiwanda hakitoi hata kipande cha barafu. Bila barafu, kila mwenye samaki anataka wamtoke leo leo. Bei imeporomoka, wateja wanachagua huku wanatabasamu. Nikakimbia nyumbani. Harufu ilinipokea kabla sijafika mlangoni.

Jumanne, 11 Juni

Mwenye barafu soko zima ni mmoja, aliyeinunua yote mapema. Dada Mizani! Kumbe naye alikuwa karibu na lile dirisha, ila yeye alipiga hodi akauliza maji gani. Kuuliza tu! Hiyo nayo ni akili?

Amewachukua tena samaki wake, wale waliosalimika, kwa bei ya kutupa. Safari hii kidole gumba kilikuwa chini ya sahani ya mizani, kinainua. Kaegemea meza ya baba yangu, kaniita mdogo wangu, kaniambia meza ya mwisho kando ya mtaro haina mwenyewe. Nimeumia. Nilipogeuka machozi yalinilenga. Mama watoto hakunilaumu. Alinipa kitambaa nikaifute hiyo meza ya mtaroni.

Ijumaa, 28 Juni

NIMEULA!

Leo Bwana Samaki kasimama katikati ya soko na kipaza sauti. Katangaza kwamba kuanzia Jumatatu maji yanafungwa. Nikacheka peke yangu. Hanipati tena! Kabla hajamaliza nilishatoka mbio kuazima mapipa.

Mama watoto alibaki kusikiliza. Anasema jamaa aliendelea na habari za mayai, samaki wachanga, mashua kutotoka mpaka wakue. Nikamwambia hayo ni mapambo ya hotuba. Akauliza kama nimeuliza maji gani. Nikamwuliza, kwani soko lina mabomba mangapi?

Dada Mizani, maskini, ananunua samaki wa kila mtu na kuwalaza kwenye barafu. Nimemuuzia wangu wote. Kanishukuru sana. Nimemwonea huruma tena.

Mapipa yamejaa. Ndoo, masufuria, hata beseni la kuogeshea mtoto, yote yamejaa maji mpaka juu! Jumatatu atakuja kunibembeleza nimgawie. Bei nimeshaipanga na sipunguzi: meza ya baba.