Chozi wa Kalenda

Jumatatu, 3 Machi
Mwenye kiwanda cha kuchapa kalenda anataka picha ya ndege chozi akinyonya maua. Mwisho Ijumaa. Mshindi atapewa kazi zote za kiwanda mwaka mzima. Studio yangu haijaona mteja tangu wiki juzi. Kazi hii ni yangu! Mpinzani ni mmoja tu: shemeji, dada wa mke wangu, tunayepakana naye ukuta. Ana simu yenye kioo kilichopasuka. Mimi nina kamera na lenzi tatu. Ila ua wake wote umejaa maua mekundu, na chozi dume anashinda pale kutwa, mdomo umepinda kama sindano ya magunia, akifukuza kila ndege anayesogea. Kwangu ni saruji tupu. Shemeji kasema hana neno, niingie na kamera yangu, bora nimwombe vizuri. Mimi nimwombe? Thubutu!

Jumanne, 4 Machi
Nimenunua maua ya plastiki, nikayajaza maji ya sukari. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Zangu ndefu! Hadi alasiri: sisimizi elfu, chozi hakuna. Mke kauliza sukari iko wapi. Nimejibu iko kazini. Tumekunywa chai chungu bila kuangaliana.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji kachungulia ukutani, akanieleza bila kuulizwa kwamba chozi haishi kwa utamu peke yake. Hudonoa buibui na vidudu pia, hasa akiwa na makinda. Ahsante, adui! Nimekamata buibui kumi na wanne, nikawapanga juu ya maua. Hawakupangika. Kumi na watatu wamehamia chumba cha mama mkwe. Wa kumi na nne alikutwa kwenye kitambaa chake cha kichwani. Mama mkwe kasema alimwonya binti yake mapema.

Alhamisi, 6 Machi
Ndege hafuati maua yangu? Basi nitachukua yake! Shemeji alipokwenda sokoni nimeruka ukuta na mkasi, nikanyoa ua wote. Mzigo kichwani, nikatokea langoni kama muungwana. Chozi huyo nyuma yangu, anafoka! Hakubali kuporwa. Akatua juu ya mzigo, akaanza kunyonya, shubiri moja tu juu ya paji langu. Picha ya maisha yangu! Kamera shingoni, mikono yote miwili imeshika maua. Nimeganda katikati ya njia. Nikasikia hatua nyuma yangu, nikamsihi mpita njia apige picha, tafadhali sana. Mpita njia alikuwa shemeji, na kapu lake. Kapiga. Kwa simu yake.

Ijumaa, 7 Machi
Kashinda. Jalada ni chozi, maua, na chini yake mimi nimekodoa macho. Mke kacheka mpaka kakaa sakafuni. Shemeji kasema hatanishtaki, nimwagilie tu ua wake mpaka uchipue. Moyo unaniuma, nakiri. Lakini kosa langu liko wapi? Mpango ulikuwa sawa, mikono ndiyo iliyopungua. Mwenye kiwanda kadokeza kwamba mwakani anataka nyuki. Nimeshanunua asali ya kujipaka kichwani, mikono ibaki huru.