Amani ya Madume Watatu Uani kwa Kinyozi

Sogeeni, enyi wenye masikio! Wekeni chini vikombe vyenu, zimeni redio, mbembelezeni mtoto anayelia, kwa maana nasimulia vita vilivyotikisa ua wa nyuma wa kinyozi, na jinsi shujaa yule, Bwana wa Mikasi, Mfyekaji wa Ndevu, Mtetemesha Mashavu, alivyowapatanisha bata dume watatu waliokuwa hawatazamani ila kwa nia ya kung'oana manyoya.

Shujaa alikuwa ameuteka upande wa kushoto wa kichwa cha mteja, wembe umeinuliwa kuuvamia wa kulia, ndipo mkewe alipotokea mlango wa nyuma amemkumbatia dume mdogo kuliko wote, shingo imechunwa, damu inachuruzika kwenye gauni. Bata huyo, mke alimtotoa mwenyewe kwa kulifunga yai ndani ya sweta lake, kando ya jiko, mama bata alipolisusa.

"Baba watoto," alisema, na utulivu wa sauti yake ulimtisha shujaa kuliko kelele, "huyu wamebakiza kidogo tu wamuue. Nimechoka. Ama wapatane leo, ama wale wakubwa wawili waingie sufuriani."

Shujaa akafunga vifungo vya koti lake jeupe kama avaaye deraya ya vita, akanena: "Ewe mke wa ujana wangu! Damu hii haitamwagika tena maadamu mkono huu unashika kitana. Mimi niliyesuluhisha wanaume waliogombania zamu ya kiti, nitashindwa na viumbe wasio na meno?"

"Maneno baadaye. Nenda."

Akaenda. Mteja naye, shuka ingali shingoni, nusu ya kichwa inang'aa na nusu ni msitu, akamfuata, kwani angekwenda wapi katika hali ile? Huyo Nusu-Kichwa ndiye aliyekuwa jeshi zima.

Uani majabari wawili walikuwa wamekabana kando ya beseni la pekee, majike wakitazama pembeni kana kwamba hayawahusu. Shujaa akapanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, akahutubu juu ya undugu, juu ya heshima ya ukoo, juu ya matope waliyochangia utotoni. Hotuba ilikuwa ndefu, tena nzuri. Alipofikia neno "maridhiano", jabari mmoja akalibana shavu la mguu wake kwa mdomo, akalisokota. Shujaa akaporomoka, na beseni likampokea matakoni.

"Tuwachape?" Nusu-Kichwa aliuliza, ameshika ufagio.

"Ngoja." Maana akiwa ameketi humo, macho yake sawa na macho ya bata, aliona ambacho hakukiona juu ya ndoo: kila madume walipotulia, jike alipita, na vita vikaanza upya. "Hawa hawachukiani," alisema polepole. "Wanagombania majike. Na beseni ni moja. Ningekuwa mimi, ningempiga hata shemeji."

Basi wakasimamisha mlango mbovu ukawa ukuta, majike wakahamishiwa upande wa pili. Beseni la kuoshea nywele likatolewa saluni, na la vyombo likatolewa jikoni. Mkewe akamweka mdogo chini.

Jabari mkubwa akainua shingo. Akatazama kulia, akatazama kushoto, akitafuta sababu ya kukasirika. Akaikosa. Akatumbukiza kichwa majini.

"Hebu mtazame mdogo," mkewe alinong'ona, machozi yakimlenga. "Anakunywa. Anakunywa karibu nao."

Ndipo akafika mwenyekiti wa mtaa, baada ya vita kwisha, kama ilivyo desturi ya wakubwa, viatu vikimeremeta. "Amani hii," alitangaza, "ni matunda ya uongozi wetu. Tutaunda kamati."

"Karibu uani, mheshimiwa, uwahutubie," alisema mke wa kinyozi.

Mheshimiwa akaangalia matope, akaangalia viatu, akakumbuka kikao.

Andikeni basi, enyi wenye kalamu, kwamba siku hiyo, katika ua ulionuka sabuni na mavi ya bata, madume watatu walilala ubavu kwa ubavu na hakuna aliyeliwa. Jambo ambalo wakuu wa mataifa, kwa miaka yote waliyokaa mezani na maji yao ya chupa, hawajalifikia hata nusu.