Simu Mbili Mezani kwa Mshonaji

Dokta Saketi hakuwa daktari, na saketi zenyewe alizijua kwa sura tu, kama mtu anavyowajua majirani asiosalimiana nao. Lakini mdomo alikuwa nao. Katika kazi ya kutengeneza simu za watu majumbani, mdomo hufanya nusu ya kazi. Nusu iliyobaki hufanyika mteja akiangalia pembeni.

Siku hiyo alikuwa kwenye duka la vipuri vya simu akichagua gundi aliposikia mama mmoja akimlalamikia muuzaji.

"Imeniponyoka asubuhi, ikaanguka sakafuni puu! Inaita, naisikia, lakini kioo giza tupu. Na vipimo vya nguo za wateja wangu wananitumia humuhumu."

Dokta akageuza shingo. Simu inayoita huku kioo kiko giza si maiti. Ni mzima aliyefumba macho. Mara nyingi ni utepe wa kioo tu umechomoka kwenye soketi yake huko ndani. Ukiubonyeza mpaka ulie tik, mgonjwa amepona. Kazi ya pumzi mbili.

Ila kilichomtoa mate Dokta hakikuwa hicho. Simu ya yule mama ilikuwa pacha wa ile iliyokuwa mfukoni mwake: aina ileile, rangi ileile. Tofauti ni kwamba ya mama ilikuwa na miezi minne tangu kununuliwa, na yake miaka mitatu. Betri yake ilikuwa ikikata roho kabla ya saa sita mchana, na kamera ilimpiga kila mtu picha kama anayetoka kwenye moshi.

"Shikamoo mama," alisema, kofia mkononi. "Samahani kwa kudakia. Hiyo simu usimpe mtu akaondoka nayo. Mjini hapa wezi wamejaa. Simu hutibiwa nyumbani, mbele ya macho ya mwenyewe."

Maneno hayo yalikuwa kweli tupu, na ndiyo maana aliyapenda.

"Marahaba mwanangu," mama alijibu, akamtazama kuanzia viatu hadi kichwa kama anayemkadiria kitambaa cha suruali. "Basi twende. Nyumbani si mbali."

Mama alikuwa mshonaji. Sebule yake ilikuwa na cherehani mbili, mkebe wa vifungo, na meza pana ya kukatia vitambaa yenye taa kali juu yake. Dokta aliipenda meza ile. Akatandaza kitambaa cheupe, akapanga bisibisi, kibano na kijiti cha plastiki, akaizima simu ya mama, akatoa laini, akamkabidhi mwenyewe. Kadi ya kumbukumbu yenye picha na vipimo mama alikuwa ameshaitoa mapema. Kisha akatoa na simu yake, akailaza pembeni.

"Hii ya nini?" mama aliuliza.

"Ya kulinganishia, mama. Hata hospitali, mgonjwa hupimwa kwa kumtazama mzima."

Akapasha kingo za simu zote mbili kwa mashine ya kukaushia nywele, gundi ikalainika, akazifungua. Skrubu akazipanga kwenye sahani kwa mpangilio wa zilikotoka. Tusimnyime haki yake: mikono alikuwa nayo safi. Ni roho tu iliyohitaji kufuliwa.

"Eeeh," alisikitika, akiinamia simu ya mama. "Ubongo umevimba, mama. Nitahitaji maji ya uvuguvugu. Ya moto sana hapana, ya baridi hapana."

"Maji? Ndani ya simu?"

"Mvuke wake tu. Hewa ikiwa kavu, umeme unaruka."

Mama akaenda jikoni. Dokta akaubonyeza ule utepe, tik, na ugonjwa wote ukaishia hapo. Kisha kazi yenyewe ikaanza. Betri changa ikahamia kwenye simu yake, betri kongwe ikaenda kwa mama. Kamera ikafuata njia hiyo hiyo. Na spika pia, maana mtu hupewa nafasi mara moja.

Alichokuwa hajui Dokta ni kwamba ukuta kati ya sebule na jikoni ulikuwa na kidirisha cha kupitishia sahani, na nyuma ya pazia lake mama alikuwa amesimama, sufuria mkononi, akiangalia viungo vya simu yake vikihama nyumba. Miaka thelathini alikuwa ameshona kwa vitambaa vya watu. Wizi wa kubadilisha bora kwa hafifu aliujua. Aliwahi kuwafukuza wanagenzi wawili kwa wizi huohuo. Hakupiga kelele. Alipasha maji, akasubiri fundi amalize kufunga, ndipo akaingia.

"Imepona?"

"Imepona, lakini usiiwashe kabla ya saa mbili kupita. Gundi lazima ikauke." Dokta alitaka tu awe mbali betri kongwe itakapoanza kukohoa. Lakini gundi yenyewe kweli ilihitaji saa mbili, kwa hiyo simu zote mbili akazibana kwa mipira, zikiwa zimezimwa. Ya mama ndani ya kasha lake la maua, yake ndani ya kasha jeusi.

"Mikono imejaa gundi hiyo, mwanangu. Bomba liko uani, na sabuni ipo."

Dokta akaenda kunawa, akipiga mluzi. Mshonaji aliyezoea kutoa na kutia mito kwenye foronya hahitaji muda mrefu kubadilisha makasha mawili.

"Malipo?" mama aliuliza Dokta aliporudi.

"Chochote cha moyo wako. Hata ukinitumia baadaye."

"Nitakutumia kwa simu," mama alisema, akimkabidhi kasha jeusi kwa mikono miwili.

Saa mbili zilipopita, Dokta, akiwa kitandani kwake, aliwasha. Kioo kikamwonyesha picha ya cherehani na kumtaka namba ya siri asiyoijua. Akafikiria kidogo. Akatoa mipira, akageuza, akatazama tena. Betri ikasema imebaki asilimia tisa, ikazimika bila kuaga.

Alikimbia kwa jirani, akaazima simu, akapiga namba yake mwenyewe.

"Kliniki ya simu," ilijibu sauti tulivu, na cherehani ikisikika nyuma yake. "Mgonjwa wako ana shida gani?"

"Mama! Hiyo ni simu yangu!"

"Aa, fundi! Kweli, mwili ni wako, na picha zako zimo humu, nimeziona. Lakini betri, kamera na spika ni vyangu. Njoo, mwanangu. Nitawaita majirani wote, tuifungue mbele yao, kila mtu achukue kilicho chake. Wewe utatueleza vilifikaje humo."

Dokta aliiona akilini ile meza yenye taa kali, majirani wote wameizunguka.

"Na namba ya kufungulia umeipata wapi?" aliuliza kwa unyonge.

"Moja, mbili, tatu, nne. Nilianza na hiyo nikijisemea fundi mzima hawezi kuwa mjinga kiasi hicho. Samahani, kuna mteja wako anapiga."

Dokta hakwenda. Wateja wake waliendelea kupiga namba ile iliyobandikwa kila nguzo ya umeme mtaani, na mama akawa anawapokea. Aligundua haraka kwamba simu nyingi hazina ugonjwa ila vumbi la mfukoni kwenye tundu la chaji, linalotoka kwa kijiti cha meno. Nyingine ni utepe uliolegea. Kwa mtu anayetunga uzi sindanoni bila miwani, skrubu ndogo hazikuwa kitisho. Zilizomshinda alisema, "Hii imenishinda," neno ambalo mtaa ule haukuwa umewahi kulisikia kwa fundi, na watu wakamwamini zaidi.

Baada ya miezi miwili, mama mzazi wa Dokta alimwita mwanawe, akamkabidhi simu yake iliyofungwa ndani ya leso.

"Sauti imekauka. Nipelekee kwa yule mshonaji."

"Mama! Kwani mimi mwanao si fundi?"

"Ni fundi, baba," alijibu mama yake kwa upole. "Ndiyo maana nakutuma kwake."