Picha Yangu Isiyo na Nyama

Landhi za Reli,
Nakuru.
12 Agosti 1971

Kwa Daktari Ajit,
Mwenye Kliniki na Mashine ya Eksirei,
Nakuru.

Daktari Mheshimiwa,

KUH: PICHA ULIYONIPIGA IKANIHARIBIA POSA

Natumai u mzima, na mashine yako pia ni nzima, maana ingekuwa mgonjwa ningeisamehe. Mimi ni Dalmas Owuor wa kiwanda cha unga, yule uliyempiga picha ya kifua mwezi uliopita, kwa sababu kiwanda hakimpi mtu kazi ya kudumu mpaka kifua chake kionekane. Kiwanda kiliitazama picha, kikaridhika, kikanirudishia. Shida haiko kiwandani. Shida iko Subukia, kwa Mzee Makokha.

Mzee Makokha ni mjomba wa Nekoye, na Nekoye ndiye msichana ninayetaka kumuoa kabla sijapata wazimu. Mzee alisema hatafungua kinywa kuhusu posa mpaka aone picha yangu, na iwe kubwa, si ile ndogo ya kipande. Sasa, Daktari, picha za Surjit, mwenye studio mkabala na kliniki yako, hutoshea kiganjani. Yako ni kubwa kama sinia. Sijasikia mchumba yeyote wa Nakuru aliyewahi kupeleka picha ya ukubwa huo. Ni kweli ilikuwa nyeusi, lakini hata kwa Surjit mtu huonyeshwa kwanza kitu cheusi, halafu sura hufuata baadaye. Nilidhani ikifika kwenye jua la Subukia nitatokea. Nikaiacha ndani ya bahasha yake, nikaikabidhi kwa kondakta wa basi.

Sikutokea. Malalamiko yangu ni haya:

1. Nilikuja kwako nimevaa suti ya kijivu, tai, na viatu ambavyo ungeweza kujitazama humo ukinyoa ndevu. Nilikuwa nimejipaka mafuta mpaka shingoni. Manjit wako, anayeendesha mashine, akaniambia, "Toa koti, toa shati, toa yote ya juu." Surjit humvalisha mtu, ninyi mnamvua. Halafu akanigeuza nikabili ubao wa baridi, mashine ikabaki nyuma yangu. Daktari, sijawahi kuona mtu akipigwa picha ya posa kwa mgongo, kama mtoto aliyenuna.

2. Pamoja na hayo, nilitabasamu. Manjit aliposema, "Vuta hewa, shika hapo hapo, usipumue," nilishika hewa na nikashika tabasamu, vyote viwili kwa pamoja, jambo ambalo si rahisi, jaribu mwenyewe. Tabasamu lile sikuliona popote. Kumbe hata kichwa hamkukipiga! Mmenikata shingoni, na kichwa ndicho ninachokitegemea kwa uzuri.

3. Tangu Krismasi nakula. Nimekula ugali, nimekula maharagwe, nimekula matumbo, nimekula na cha jirani alichoshindwa, ili nipate mwili wa mwanamume anayeweza kupewa mke. Suruali zimenibana, watu wamenisifu. Mashine yako ikatupa nyama yote, ikabakiza mbavu. Nauliza kwa heshima: nyama ilikwenda wapi? Surjit, kwa kalamu tu, anajua kumnenepesha mteja mashavu. Wewe una umeme wa kuwasha mtaa mzima, na umeutumia kunikondesha.

4. Hili linaniuma kuliko yote. Manjit aliitundika picha kwenye kioo chenye taa, akaweka kidole juu ya kitu cheupe mfano wa kiazi, akasema, "Hii ndio moyo yako, bwana. Iko sawa kabisa." Iko sawa vipi? Nimemwandikia Nekoye barua si haba, nikimweleza kwamba moyo wangu umejaa yeye, hakuna hata pa kuweka kigoda. Nilisogea, nikainama, nikafuta kioo kwa mkono. Nekoye hayumo! Ama mashine yako haioni vizuri, ama umenifanya mwongo mbele ya ukoo mzima. Chagua moja, Daktari.

5. Sasa sikiliza yaliyofuata. Mzee Makokha aliinua picha dirishani, akaona mbavu, akakaa chini. Mama yake Nekoye akapiga nduru. Majirani wakaja na kuni na maji, moto ukawashwa uani, na mzee wa kanisa akaniombea roho kwa jina, akikosea jina la baba yangu. Habari hizi nimepewa na yule kondakta, ambaye aliponiona stendi aliruka nyuma. Tangu hapo napewa pole na watu wanaonishika mkono muda mrefu kidogo ili wahakikishe. Na kwa kuwa mimi nimekwisha kufa, mezani pa Mzee Makokha sasa kuna picha ya Nderitu, mwenye duka la mbegu, amevaa koti la Surjit, amesimama mbele ya ziwa la kuchorwa. Jumapili wanaamua. Daktari, nampenda Nekoye na simtaki mwingine. Nikimkosa, yale matanga hayatakuwa yamekosea sana.

Kwa hiyo naomba, kwanza, nipigwe picha upya nikiwa nimevaa, kwa mbele, kichwa kikiwemo, na mashine ikatazwe kupita kwenye nguo za watu. Pili, nipewe cheti chenye mhuri kwamba niko hai na kwamba nina nyama. Tatu, kama hayo hayawezekani, upakie mashine kwenye lori twende nayo Subukia Jumapili, umpige Nderitu pamoja na koti lake, tuone kama yeye atatoka na sura. Nne, serikali iulizwe kama ni halali kifaa kinachompunguza raia kiasi hiki kukaa karibu na watu wanaotafuta wake. Ikiwa ni lazima kibaki, basi kifundishwe adabu: kionyeshe mazuri tu, na mengine kiyanyamazie, kama tunavyofanya sisi sote wakati wa posa.

Nisalimie mkeo na watoto, nisalimie Manjit, ambaye simchukii, na akina mama wote wanaongoja kwenye benchi. Ukimwona Surjit ng'ambo ya barabara, msalimie sana. Mashine usiisalimie.

Ni mimi, na ningali hai,

Dalmas Owuor

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha Nekoye alipobisha hodi, picha yangu mkononi. Bahasha nimeifungua tena. Anasema jana, matanga yakiwa hayajaisha, aliingia Sista Chepkemboi wa zahanati ya kwao, amekuja kutoa pole. Akaishika picha kwenye mwanga, akacheka mpaka akaegemea ukuta. Akawaambia huyu hajafa, na mapafu yake ni mazima, hayana hata doa. Chai ya matanga ikanywewa kwa vigelegele! Mzee Makokha amemrudishia Nderitu picha yake, anasema koti ameliona lakini kifua hajakiona. Kumbe marehemu baba yake Nekoye aliondoka kwa kifua kikuu, na hiyo ndiyo hofu waliyokuwa nayo juu ya wachumba wote, ila waliona haya kuuliza. Nimekubaliwa, Daktari! Nimeruka mpaka nikaangusha meza.

Lakini Nekoye hakucheka. Alikaa kitandani, akaniambia amekuwa akikohoa tangu mvua zilipoanza, usiku anauma leso ili mama yake asisikie, na mimi alinificha asije akanipoteza. Hajanipoteza. Kesho asubuhi tutakuwa mlangoni kwako kabla hujafungua. Nakuomba sana, yote niliyoandika huko juu yafute, na umpige picha vilevile ulivyonipiga mimi. Usimpendezeshe. Kama ndani mna doa, tuonyeshe sote wawili, tungali na wakati wa kulitibu.